Maana ya "kimbilio" katika Zaburi ya 91

Kimbilio ni pale unapopakimbilia ukiwa hatarini, ukakaa hapo mpaka hatari ipite. Katika Zaburi, kimbilio hilo ni Mungu mwenyewe. Maana imeishia hapo, wala si ngumu: neno ni la ukoo mmoja na mkimbizi, na waliolala katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, baada ya kuvuka ziwa kutoka Kongo hawahitaji kamusi ili walielewe.

Ugumu unaanza pale neno hili linapopewa kazi isiyo yake. Majuzi, kwenye msiba, mama aliyemzika kijana wake aliyekufa kwa ajali ya bodaboda aliambiwa na mwenzake wa kanisani, tena kwa sauti ya upole kabisa, kwamba kijana "hakuwa amejifunika kwa Zaburi 91". Yule mama hakujibu neno, alijivuta tu khanga. Msemo huu nimeusikia mara nyingi mno sasa, na kila ninapousikia kuna mtu aliyeumia anayeongezewa mzigo wa pili: kwamba msiba wake ni uzembe wa kutosoma.

Kujifunika kwa Zaburi 91, jinsi watu wanavyousema na kuufanya, ni hivi. Biblia inaachwa wazi kwenye ukurasa huo juu ya kabati la sebuleni, au inalazwa chini ya mto wa mtoto mchanga. Mstari wa kwanza unabandikwa kwenye kioo cha gari. Mwaka 2020, korona ilipoingia, nilitumiwa zaburi hii kwenye simu na watu wengi, pamoja na maelekezo: isome usiku, irudie asubuhi, watumie wengine kumi, na tauni haitaikaribia nyumba yako. Waliotuma walikuwa na hofu ya kweli na upendo wa kweli, siwadharau. Lakini hapo kimbilio limegeuzwa kinga, na kinga nayo imegeuzwa hirizi.

Tofauti iko wapi? Hirizi inakufuata wewe. Unaifunga mkononi, kisha unaendelea na safari zako kama ulivyozipanga. Haikujui, wala haihitaji umpende mtu. Maneno yakitamkwa sawasawa, kwa idadi iliyotajwa, kazi imekwisha. Kimbilio, kinyume chake, unalifuata wewe. Lazima uondoke ulipokuwa, tena ukifika ukae. Torati iliweka miji sita ya makimbilio kwa ajili ya mtu aliyeua bila kukusudia, mitatu kila upande wa Yordani, Hebroni na Shekemu ikiwamo. Sheria yake katika Hesabu 35 iko wazi: mkimbizi alikuwa salama akiwa ndani ya mpaka wa mji, na akitoka nje, mlipiza kisasi akimkuta, hana wa kumtetea. Haikutosha kuujua mji kwa jina. Ndiyo maana Zaburi ya 91 inafungua kwa kutaja makazi kabla haijataja ulinzi wowote: "Aketiye mahali pa siri pake Aliye juu, atakaa katika uvuli wa Mwenyezi." Kuketi na kukaa. Ahadi zote zinazofuata zinamhusu huyo anayeishi huko.

Desturi ya kuigeuza zaburi hii hirizi ni kongwe, hatukuianza sisi. Katika pango la 11 la Qumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, lililogunduliwa mwaka 1956, lilipatikana gombo ambalo ndani yake Zaburi ya 91 imewekwa pamoja na nyimbo za kufukuzia pepo. Baadaye, katika Mashariki ya Kikristo, watu walivaa bangili na vidani vya shaba vilivyochongwa maneno yake ya kwanza kwa Kigiriki. Basi anayeiweka chini ya mto leo ana wenzake wa zamani sana. Ukale wa desturi, hata hivyo, hauifanyi kuwa usomaji sahihi. Na tunaye msomaji mmoja anayejulikana sana wa namna hiyo, ambaye Injili zimemwandika.

Ni Shetani. Katika Mathayo 4 na Luka 4, anamsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumwambia ajitupe chini, kwa maana imeandikwa: atakuagizia malaika zake, na mikononi mwao watakuchukua, usije ukajikwaa mguu wako katika jiwe. Hiyo ni Zaburi ya 91, mstari wa 11 na wa 12. Linganisha nukuu yake na zaburi yenyewe uone alichokiacha. Zaburi inasema malaika wakulinde "katika njia zako zote". Mjaribu hakuyataja maneno hayo. Kujirusha kutoka kwenye kinara hakukuwa njia ya Yesu. Njia yake ilikuwa inaelekea Yerusalemu na msalabani. Mjaribu aliishia tena kabla ya mstari wa 13, ambamo mtu anawakanyaga simba na joka. Yesu hakubisha kwamba maandiko hayo ni kweli. Alijibu kwa Kumbukumbu la Torati 6:16: "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Yaani ahadi ya ulinzi si kifaa cha kumpima Mungu kama atafanya tunachotaka. Mtu anayeendesha pikipiki usiku bila taa kwa sababu amesoma zaburi asubuhi anasimama pale pale kwenye kinara.

Njia nzuri ya kuisoma ni kuchukua penseli na kuangalia nani anasema. Mstari wa 2 ni mtu anayesema juu yake mwenyewe: kimbilio langu, ngome yangu, Mungu wangu. "Yangu" mara tatu katika mstari mmoja, kabla hajaomba chochote. Kuanzia mstari wa 3 sauti inabadilika. Sasa kuna mwingine anayemwambia "wewe": atakuokoa, atakufunika, hutaogopa. Huenda ni kuhani anampokea aliyeingia hekaluni, huenda ni mzee anamtia moyo kijana. Zaburi haisemi, nayo katika Kiebrania haina hata kichwa cha kumtaja mtunzi. Halafu mstari wa 14 sauti inageuka tena, na safari hii anayesema ni Mungu mwenyewe: "Kwa kuwa amekaza kunipenda, nitamwokoa." Wengi wanaoiweka zaburi hii ukutani hukomea mstari wa 11, hivyo hawajawahi kufika mahali ambapo Mungu anafungua kinywa.

Na akifungua kinywa, anasema nini? Mstari wa 15: "Ataniita nami nitamwitikia, nitakuwa pamoja naye taabuni." Ningeomba kila anayeipenda zaburi hii auandike mstari huo kwa mkono wake. Taabuni. Mungu anayezungumza hapo anajua fika kwamba huyo aliyekaa katika uvuli wake atakuwa na taabu, tena atakuwa ndani yake. Hakusema atasimama mlangoni asiiruhusu ipite. Amesema atakuwemo.

Hapo ndipo ninapoulizwa, na ni haki kuulizwa: mstari wa 10 je? "Mabaya hayatakupata wewe, wala tauni haitaikaribia hema yako." Siupunguzi nguvu mstari huo. Mungu huokoa, na wapo wengi wanaoshuhudia kwamba aliwatoa katika ugonjwa na ajali. Ushuhuda huo tusiufiche. Lakini zaburi haikuandikwa peke yake. Inayotangulia, ya 90, inalia kwamba miaka yetu ni sabini, ikiwa tuna nguvu themanini, kisha tunatokomea upesi, na mwandishi wake anamwita Mungu huyo huyo makao. Ya 88 inaishia gizani kabisa, bila mstari wa faraja. Waliozikusanya zaburi waliziweka hizi zote katika kitabu kimoja, wakaziimba zote. Naye Yesu, katika Luka 21, anawaambia wanafunzi wake kwamba baadhi yao watauawa, na mistari miwili tu mbele anasema hautapotea hata unywele mmoja wa vichwa vyao. Kauli hizo mbili zinakaa pamoja, kwa hiyo "kutopatwa na mabaya" ni zaidi ya kurudi nyumbani bila jeraha. Ni kwamba hakuna baya litakalomtoa mtu mikononi mwa aliyemkimbilia, hata kifo.

Mstari wa 4 una picha ambayo kila aliyekulia kijijini anaifahamu: "Kwa manyoya yake atakufunika, chini ya mbawa zake utapata kimbilio." Mwewe akizunguka juu, kuku mama hutoa sauti ile moja fupi, nzito, na kujitandaza. Yeye hawafuati vifaranga mmoja mmoja kuwavisha kitu shingoni. Wao ndio wanaokimbia kuingia, na mwewe akishuka, mgongo ulio juu ni wa mama. Yesu aliitumia picha hiyo hiyo akiulilia Yerusalemu, na malalamiko yake katika Mathayo 23:37 hayakuwa kwamba mbawa hazikutosha. Alisema: "lakini hamkutaka".

Kwa mfano wa mtu aliyekimbilia kweli, mimi humwendea Ruthu. Boazi, mwenye shamba, anamwambia, katika sura ya 2, kwamba amekuja kukimbilia chini ya mabawa ya Bwana, Mungu wa Israeli. Alipoambiwa maneno hayo alikuwa nani? Mjane, Mmoabi ugenini, anaishi na mkwewe aliyepoteza mume na watoto wawili, na siku hiyo yuko shambani kwa watu anaokota masuke yaliyoachwa na wavunaji. Aliambiwa hayo jua likiwa bado linamchoma, na baada ya kula aliinuka akaendelea kuokota hata jioni, akayapura, akapata kama efa moja, kipimo cha nafaka cha wakati huo, ya shayiri. Alikuwa tayari yuko katika kimbilio huku mgongo ukimuuma. Kama tungekuwa jirani zake Bethlehemu na kupima kimbilio kwa kutopatwa na mambo, tungesema hajajifunika vizuri.

Amani inayotajwa kuhusu zaburi hii inatoka hapo. Mstari wa 5 unasema "hutaogopa hofu ya usiku". Hofu ya usiku inajulikana: saa nane, mtoto anapumua kwa shida, mfuko hauna nauli ya bajaji. Kusoma maneno mara saba kunaweza kuiongeza hofu hiyo, kwa sababu mtu anaanza kujiuliza kama ameyasoma kwa imani ya kutosha, kama ameruka neno, kama usiku ule alipolala bila kusoma ndipo mlango ulipofunguka. Hirizi humfanya mwenye nayo kuwa mlinzi wake mwenyewe, na mlinzi halali. Aliyekimbilia kwa mtu anaweza kulala, maana anayekesha ni mwingine. Katika sala ya mwisho ya siku, Wakatoliki wana desturi ya karne nyingi ya kuisali zaburi hii kabla ya kulala. Wanaisali mara moja, kisha wanazima taa.

Kwa hiyo ndugu akikuambia amejifunika kwa Zaburi 91, usimkaripie, wala usimwondolee Biblia chini ya mto. Huenda ndicho kitu pekee kilichompa usingizi jana. Msomee naye polepole mpaka mstari wa 16, mkifika "taabuni" msimame kidogo. Na tukienda kwa aliyefiwa, mstari wa 10 tuuache kwanza. Tuanze na wa 15, na baada ya kuusoma tukae naye, tusiwahi kuaga.