Mbwa wa Mitaani Nchini India: Maswali ya Wagonjwa, Wasindikizaji na Wanafunzi

Je, mbwa wanaozurura mitaani India wote ni hatari?

Hapana. Watu wetu wanaokwenda Chennai, Delhi, Mumbai au Hyderabad kwa matibabu na masomo hushtuka kuwakuta mbwa wasio na mwenyewe kila kona, lakini wengi wa mbwa hao ni wapole. Wana mtaa wao, wana watu wanaowalisha, na mchana hujilalia chini ya magari yaliyoegeshwa wala hawainui kichwa mtu anapopita. Kanuni za serikali za mwaka 2001, ambazo nafasi yake ilichukuliwa na zile za 2023, ziliweka utaratibu wa kuwakamata, kuwahasi, kuwachanja na kuwarudisha mahali palepale walipotolewa. Mbwa aliyepitia utaratibu huo kwa kawaida hukatwa kipande kidogo cha sikio kiwe alama. Alama hiyo isikupe imani kupita kiasi, kwa sababu inaonyesha kwamba mbwa aliwahi kuchanjwa, si kwamba chanjo yake bado ina nguvu.

Ni wakati gani wa kujihadhari zaidi?

Alfajiri na usiku wa manane. Msindikizaji anayetoka nyumba ya wageni kabla ya jua kuchomoza ili awahi foleni ya vipimo hospitalini hupita saa ambayo barabara ni tupu na mbwa wako macho, wakilinda eneo lao kwa pamoja. Jihadhari pia karibu na majalala, karibu na mabucha, na popote alipo jike mwenye watoto, hata akiwa amenyamaza. Ni busara kumwuliza mlinzi wa jengo ni kichochoro kipi kina mbwa wakorofi, kwa kuwa wakazi huwafahamu mbwa wao mmoja mmoja.

Wakinizingira wakibweka, nifanye nini?

Usikimbie. Mbwa akiona kitu kinakimbia hukifukuza, na hakuna mtu anayeweza kumshinda mbwa mbio. Simama, shusha mikono, usimkazie macho yeyote kati yao, kisha rudi nyuma polepole bila kuwapa mgongo mpaka utoke katika eneo lao. Mara nyingi kelele hukoma pale mpaka wao unapoishia. Mwavuli au mkoba uliouweka kati yako na mbwa unasaidia kama kinga, si kama silaha. Kuinama kama mtu anayeokota jiwe huwafanya mbwa wengi warudi nyuma, lakini kumpiga kweli ni kumchokoza yeye na wenzake, na pengine na majirani wanaomlisha. Ukiangushwa, jikunje, kisha funika shingo na masikio kwa mikono yako.

Watoto wafundishwe kutomgusa mbwa anayekula au aliyelala. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba takribani asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa ni watoto walio chini ya miaka 15.

Mbwa amenikwaruza tu, damu haikutoka. Kuna haja ya kwenda hospitali?

Ndiyo, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu mtu aliyechanika mguu hukimbizwa hospitali na wenzake, ilhali mwenye mchubuko mdogo huvuta soksi juu na kuendelea na safari yake. Kichaa cha mbwa huenezwa na virusi vilivyo katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikishapita kwenye ngozi iliyochubuka, husafiri kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, safari ambayo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Katika muda huo mtu hujiona mzima kabisa. Dalili zikishaanza, zikiwemo homa, kuwashwa mahali pa jeraha, kuogopa maji na kuchanganyikiwa, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya dalili, ugonjwa huzuilika. Inakadiriwa kwamba watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu duniani kila mwaka, na takribani theluthi moja ya vifo hivyo hutokea India.

Mbwa akikulamba kwenye ngozi isiyo na mchubuko wala jeraha, inatosha kunawa.

Huduma ya kwanza ni ipi?

Fungua bomba, paka sabuni, na uoshe jeraha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ukitazama saa, kwa maana dakika hizo huonekana ndefu kuliko unavyodhani. Sabuni ya kufulia inafaa. Kisha paka ayodini kama ipo. Usiweke pilipili, manjano, chokaa wala majivu, hata mwenyeji wako akikusihi kwa nia njema, na usikubali jeraha lishonwe haraka kabla daktari hajaamua kuhusu kinga ya kichaa.

Hospitalini nitapewa nini?

Utapewa chanjo, ambayo siku hizi huchomwa begani au kwenye ngozi ya mkono, si zile sindano za tumboni ambazo wazee bado wanazisimulia. Ratiba mojawapo inayotumika sana ni ya siku ya 0, yaani siku ya dozi ya kwanza, kisha ya 3, 7, 14 na 28. Ikiwa ngozi imetobolewa, hata kwa jino moja, uliza pia kuhusu kingamwili za kichaa cha mbwa. Hizi huchomwa ndani na kandokando ya jeraha lenyewe ili zikabiliane na virusi wakati mwili bado haujatengeneza kinga yake. Daktari ataangalia pia chanjo yako ya pepopunda. Ujauzito hauzuii chanjo hii.

Mgonjwa wa saratani aliye kwenye tiba, au aliyepandikizwa figo, aeleze hali yake mapema. Kinga yake ni dhaifu, hivyo hata mchubuko unaweza kuhitaji chanjo na kingamwili kwa pamoja.

Utaratibu ni huohuo ukiumwa na nyani au kima, ambao Delhi hawako mbali na madirisha.

Nimechelewa wiki kadhaa, au narudi nyumbani kabla ya kumaliza dozi. Je?

Kuchelewa si sababu ya kutokwenda, nenda leo. Anayesafiri aondoke na kadi inayoonyesha jina la chanjo, tarehe na namna ilivyochomwa, kisha aipeleke hospitali ya nyumbani mara afikapo. Dozi ikiruka, ratiba huendelezwa kuanzia pale ilipoishia, haianzwi upya.