Je, wajua kwa nini sabuni ya Lubumbashi inadaiwa jina la mtu wa Ulaya kwenye lebo?

Tuseme mama mmoja wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, anapika sabuni ya mawese, na pembeni anatengeneza mafuta ya kujipaka ya karanga na nta ya nyuki. Picha anaziweka Facebook na WhatsApp. Binti aliyehamia Bruxelles, mtaa wa Matonge, anaziona, anakumbuka harufu ya kwao, anaagiza vichupa kumi na viwili. Pesa zinaingia kwenye simu, mzigo unapelekwa uwanja wa ndege wa Luano. Kwetu sisi biashara imekwisha. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, vichupa hivyo haviruhusiwi kuuzwa, kwa kuwa hakuna mtu yeyote wa Ulaya anayevijibia.

Sheria yenyewe ni Kanuni namba 1223 ya mwaka 2009, inayotumika kikamilifu tangu tarehe 11 Julai 2013. Inataka kila kipodozi kinachouzwa huko kiwe na mtu mwenye dhamana, awe binadamu au kampuni, aliye ndani ya Umoja wa Ulaya, na jina na anwani yake viandikwe kwenye lebo. Kwa nini? Kwa sababu mtoto wa Liège akiota vipele, wakaguzi wa Ubelgiji hawawezi kubisha hodi komini ya Kenya. Wanataka mlango wanaoweza kuufikia.

Ukali huu ulizaliwa na msiba. Mwaka 1972 nchini Ufaransa, poda ya watoto iliyoitwa talc Morhange ilichanganyika kwa makosa na heksaklorofeni, kemikali ya kuua vijidudu. Watoto 36 walikufa. Miaka minne baadaye, 1976, nchi za Ulaya zilipitisha sheria yao ya kwanza ya pamoja ya vipodozi. Mimi nikiwafikiria wazazi wale, siwezi tena kuyaita masharti haya usumbufu wa wazungu.

Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni hili: binti yule wa Matonge akipokea vichupa na kuviuza kwa rafiki zake, sheria inamhesabu yeye kuwa mwagizaji, na mwagizaji ndiye mwenye dhamana, isipokuwa amempa mwingine kazi hiyo kwa maandishi na huyo akakubali. Alidhani anamsaidia mama yule wa Lubumbashi. Kumbe amebeba mzigo wa kiwanda kizima. Zawadi ya kujipaka mwenyewe ni habari nyingine, tunazungumzia kuuza.

Na mzigo wenyewe ni huu. Mwenye dhamana lazima awe na faili la bidhaa, alitunze miaka 10 tangu mkupuo wa mwisho uingie sokoni. Ndani yake kuna ripoti ya usalama iliyotiwa saini na mtaalamu mwenye shahada ya famasia, tosikolojia (elimu ya sumu), udaktari au fani inayofanana, inayotambuliwa na nchi mojawapo ya Umoja. Mtaalamu huyo hatauliza kama mafuta yananukia vizuri. Ataanza na karanga. Tangu 2018 kanuni za Ulaya zinadai protini ya karanga isizidi miligramu 0.5 katika kilo moja ya mafuta ya karanga, kwa kuwa wapo watu ambao mwili wao unaikataa karanga vibaya sana. Mafuta yaliyokamuliwa nyumbani bila kusafishwa hayawezi kuaminiwa kwa macho. Ni maabara tu itakayosema. Kisha atauliza kuhusu maji. Losheni yenye maji huotesha bakteria na ukungu, kwa hiyo atataka jaribio la kuonyesha kwamba dawa ya kuhifadhi inafanya kazi. Mafuta matupu na nta, visivyo na maji, kwa kawaida havidaiwi jaribio hilo. Kwa anayeanza na mtaji mdogo, hapo kuna nafuu kubwa.

Baada ya faili, bidhaa inaandikishwa kwenye mfumo wa Ulaya uitwao CPNP. Kuandikisha ni bure. Viungo navyo huandikwa kwa majina ya kimataifa: mawese yaliyogeuka sabuni huitwa Sodium Palmate.

Wapo wanaosema, "Mimi niko Congo, ukurasa wangu uko kwenye intaneti, Ulaya inanihusu nini?" Tangu Julai 2021, sheria nyingine ya Ulaya inatazama tangazo linamlenga nani. Ukiweka bei kwa yuro na kuahidi kufikisha Bruxelles, bidhaa yako inahesabiwa kuwa tayari iko kwenye soko lao.

Maneno ya tangazo pia yanaponza. Andika kwamba mafuta yanaponya ukurutu, na umeyageuza kuwa dawa, ambayo ina sheria kali zaidi. Hata kujisifu "hayana hidrokinoni", ile kemikali ya kung'arisha ngozi, hakukubaliki. Hidrokinoni imekwisha kukatazwa katika mafuta ya ngozi, na kutii sheria hakuwezi kuuzwa kama fadhila. Hili linaniuma kidogo, maana kwetu, ambako mafuta ya kung'arisha ngozi yamejaa sokoni, mteja anatamani kuliona neno hilo.

Uingereza, tangu 2021, inataka mwenye dhamana wake yenyewe. Marekani ni njia tofauti: sabuni halisi ya mafuta na magadi, ikiuzwa kama sabuni tu, huko haihesabiwi kipodozi. Mafuta ya kujipaka yanahesabiwa, na lebo yake lazima ionyeshe mahali pa kuripoti madhara.

Ningekuwa mama yule, ningeyaweka kando mafuta ya karanga, nianze na sabuni ya mawese peke yake. Ningetafuta kwanza kampuni ya Ulaya inayokubali kuwa mwenye dhamana kwa mkataba, nijue bei yake, ndipo nipige hesabu kama vipande kumi na viwili vya sabuni vinalipa au lazima viwe mia tano. Lebo ningeichapisha mwisho kabisa, kwa sababu anwani itakayosomeka juu yake ni ya kampuni hiyo.