Ramani ya vipokezi vya opioidi katika ubongo wa panya: maswali na majibu

Vipokezi vya opioidi ni nini, na viligunduliwa lini?

Ni protini zilizo kwenye utando wa seli za neva, ambazo morfini na dawa nyingine za jamii ya afyuni hujishikiza kwazo ili zifanye kazi. Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walithibitisha kuwepo kwake katika ubongo wa panya kwa kutumia naloksoni, dawa inayozuia morfini kwenye vipokezi hivyo, iliyotiwa mionzi. Mwaka huohuo Eric Simon huko New York na Lars Terenius huko Uppsala, Sweden, walifikia jambo hilohilo. Ubongo huo, hata hivyo, ulikuwa umesagwa, na tishu iliyosagwa haiwezi kuonyesha kwa undani vipokezi vimekaa wapi.

Ramani yake huchorwaje?

Ubongo hugandishwa, hukatwa vipande vyenye unene wa mikroni 20 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kisha hubandikwa juu ya vioo. Kila kipande hulowekwa katika dawa iliyotiwa tritiamu, yaani haidrojeni yenye mionzi, husuuzwa kwa ubaridi ili dawa isiyoshikamana iondoke, hukaushwa, na kulazwa kwenye filamu gizani kwa wiki kadhaa. Filamu ikisafishwa, penye vipokezi vingi huwa peusi zaidi. Kwa maoni yangu, kipande muhimu kuliko vyote ni kile cha jirani, kinacholowekwa pamoja na naloksoni ya kawaida kwa wingi mno hadi ikavikalia vipokezi: weusi unaobaki hapo ni wa dawa iliyonasa ovyo, na sharti uondolewe katika hesabu.

Ramani hiyo inatufundisha nini?

Kuna aina tatu kuu: myu, delta na kappa. Katika striatamu ya panya, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na mwendo, myu hukusanyika katika mabaka, ilhali delta husambaa zaidi. Myu hupatikana pia katika thalamasi, kituo cha ubongo kinachopokea taarifa za hisi, na katika tabaka za juu za pembe ya nyuma ya uti wa mgongo, ambako taarifa za maumivu hupita. Lakini vilevile imo katika shina la ubongo, kwenye vituo vinavyoongoza pumzi. Ndiyo sababu dawa ileile inayotuliza maumivu huweza kumuua aliyezidisha kipimo kwa kumkatia pumzi, na ndiyo sababu naloksoni, inayoiondoa dawa hiyo kwenye vipokezi, humrudishia pumzi. Naloksoni huisha nguvu mapema, kwa hiyo mgonjwa lazima afikishwe hospitali hata akizinduka.

Je, ramani ya panya inamfaa binadamu?

Kwa sehemu. Kappa ni chache katika ubongo wa panya kuliko wa binadamu, hivyo dawa ya kappa iliyojaribiwa kwa panya pekee yaweza kupotosha. Kuhusu myu, tangu miaka ya 1980 watafiti wamepiga picha ubongo wa watu walio hai kwa kiasi kidogo sana cha karfentanili, dawa kali mno ya jamii ya afyuni, yenye kaboni ya mionzi, na thalamasi imeonekana kuwa na vipokezi vingi kwao pia.