Je, wajua? Umri wa dinosaria wa Tendaguru ulisaidiwa kujulikana na kombe la baharini

Kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, kina sifa ya dinosaria. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani waliendesha uchimbaji pale. Kazi ngumu ilifanywa na mamia ya wenyeji chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na mifupa ikabebwa kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi, kisha ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Tunaambiwa aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Sasa hiyo milioni 150 ilipatikanaje, na mfupa haukuandikwa tarehe?

Dinosaria, kwa ukubwa wake wote, ni shahidi dhaifu wa umri. Visukuku vyake, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, ni haba, na kwa kuwa alikaa nchi kavu, aina iliyopatikana Lindi si lazima ionekane bara jingine. Bahati nzuri, pale Tendaguru bahari ilikuwa ikipanda na kushuka. Matabaka yenye mifupa yamepishana na matabaka ya mchanga wa baharini yaliyojaa makombe, na miongoni mwa makombe hayo wamo amonaiti. Ukijua umri wa amonaiti aliye juu ya mfupa na wa aliye chini yake, umeshambana dinosaria katikati.

Amonaiti ukimtazama utadhani ni konokono aliyejiviringa. Siye. Ni jamaa wa pweza na ngisi, ila yeye alijenga kombe. Ndani, kombe limegawanywa kwa kuta kuwa vyumba vingi. Mnyama aliishi katika kile cha mwisho kilicho kikubwa, na vile vya nyuma vilimsaidia kuelea. Mrija mwembamba ulipita katika vyumba vyote na kuondoa maji humo ili gesi iingie. Pale ukuta unapokutana na kombe hubaki mstari, ambao wataalamu huuita mshono. Kwa amonaiti wengi wa Jurasiki na Kretasia, zama za dinosaria, mshono huo umepindapinda na kuchanika kama jani la mpapai, na mchoro wake ni mojawapo ya alama za kutofautisha jamii moja na nyingine.

Kinachomfanya awe shahidi mzuri ni kwamba aina zake hazikudumu. Moja ilizuka, ikaenea baharini haraka, ikatoweka, nyingine ikashika nafasi, yenye mbavu (mistari iliyoinuka juu ya kombe) nene zaidi au mgongo mkali zaidi. Mjerumani Albert Oppel aliliona hili vizuri katika miaka ya 1850. Aliacha kuangalia rangi na ugumu wa mwamba, ambavyo hubadilika kutoka wilaya hadi wilaya, akafuata visukuku peke yake, na akaweza kulinganisha miamba ya Uingereza, Ufaransa na Ujerumani tabaka kwa tabaka. Leo miamba ya Jurasiki ya Ulaya imegawanywa katika kanda za amonaiti, kila moja ikitambulika kwa aina zake, ambazo kwa wastani kila moja haifikishi miaka milioni moja. Kwa mambo ya kale kiasi hicho, huo ni usahihi wa ajabu.

Lakini amonaiti mwenyewe hasemi miaka. Anasema nani alitangulia na nani alifuata. Tarakimu hutoka kwenye majivu ya volkano yaliyonaswa katika matabaka fulani, ambamo hupimwa kiasi cha madini ya urani kilichogeuka kuwa madini ya risasi. Tabaka moja likipimwa hivyo, amonaiti wake huupeleka umri huo hata mahali ambapo majivu hayakuanguka.

Na hatoi umri tu. Miamba ya tope gumu karibu na Mombasa ina amonaiti wa Jurasiki waliojulikana kwa wataalamu tangu karne ya 19, na wengi wanafanana na wa Kachchh, magharibi mwa India, na wa Madagaska. Nchi hizo tatu zilikuwa kando ya bahari moja kabla mabara hayajaachana kufikia umbali wa sasa.

Ushahidi wote huu hutegemea kujua amonaiti alitoka wapi, na hapa ndipo ukusanyaji unapokuwa kazi ya kisayansi au pambo la sebuleni. Huko Whitby, Uingereza, watu waliamini kuwa amonaiti ni nyoka waliogeuzwa mawe na mtawa mkuu Hilda wa karne ya 7, na mafundi wakawachongea vichwa vya nyoka wapate wateja. Jamii moja ya amonaiti imeitwa Hildoceras kwa heshima ya Hilda. Kuchonga kichwa, kwangu, si kosa kubwa. Kosa kubwa ni kumtoa amonaiti mwambani bila kuandika alitoka tabaka lipi, mita ngapi kutoka tabaka linalotambulika, upande upi wa korongo. Amonaiti wa Madagaska wanaouzwa wamekatwa katikati na kung'arishwa wanapendeza kweli, na vyumba vyao vinaonekana waziwazi, lakini wengi wao hawana tena cha kumwambia mwanajiolojia. Katika pwani ya Lyme Regis na Charmouth, kusini mwa Uingereza, wakusanyaji huokota walioanguka baada ya dhoruba, maana jabali huporomoka bila kubisha hodi.

Shahidi huyu ana mwisho wake. Amonaiti walitoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita, wakati ule ule wa dinosaria wakubwa. Kwa miamba ya baadaye, kama ile ya Kilwa na Lindi iliyochimbwa na watafiti kwa mitambo katika miaka ya 2000, umri husomwa kwa foraminifera, viumbe wa baharini wanaohitaji hadubini kuonekana vizuri, na wa Tanzania wamehifadhika hivi kwamba vigamba vyao vingali vinapitisha mwanga.