Umejuaje? Maarifa tunayoyapata midomoni mwa watu

Wiki ya kwanza ya muhula huwa nawauliza wanafunzi wangu wa falsafa tarehe zao za kuzaliwa. Wanazitaja harakaharaka, bila wasiwasi. Kisha nauliza: umejuaje? Darasa linacheka. Mmoja husema ameiona kwenye cheti. Cheti kaandika nani? Karani. Karani alijuaje? Hapo kicheko hupungua, maana ukiufuata uzi huo unaishia kwa mama na mkunga. Wewe mwenye siku yako, uliyekuwepo mwanzo hadi mwisho, hukumbuki chochote. Umeambiwa tu.

Mimi nina shida ya ziada. Cheti changu kinasema nilizaliwa mwezi wa sita. Mama anasema mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza, siku yenyewe Ijumaa, na baba alikuwa ameshavaa kanzu ya kwenda msikitini alipoitwa. Vuli na mwezi wa sita wapi na wapi? Nitarudi kwa mama.

Tawi la falsafa ninalolifanyia utafiti huitwa nadharia ya maarifa. Wengine husema epistemolojia. Linahoji kujua ni nini, na kunatofautianaje na kudhani, kusadiki au kubahatisha. Swali hili ni kongwe. Katika mazungumzo yaitwayo Theaetetus, yaliyoandikwa na Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mwalimu wake Socrates anatoa mfano wa mahakama: wasemaji hodari wanawashawishi waamuzi kuhusu wizi ambao waamuzi hao hawakuuona. Wakiamua sawasawa, imani yao ni ya kweli, lakini je, wanajua? Socrates anakataa. Jambo kama hilo hulijua aliyeliona. Hapo ndipo inapojaribiwa rai kwamba kujua ni kuwa na imani ya kweli yenye maelezo nyuma yake, na ingawa Socrates haridhiki nayo, rai hiyo iliishi sana. Mwaka 1963 Mmarekani Edmund Gettier aliitikisa kwa makala ya kurasa tatu, akionyesha kwamba mtu anaweza kuwa na vyote hivyo na bado asijue. Mfano rahisi wa hoja ya namna hiyo alikuwa ameshautoa mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell mwaka 1948: unatazama saa ya ukutani, inaonyesha saa nne kasoro robo, na kweli ni saa nne kasoro robo. Kumbe saa ile ilisimama jana, wakati kama huu. Imani unayo, ni ya kweli, na sababu ya kuamini unayo. Ila hujui, umebahatisha.

Wenzangu wamelizunguka fumbo hilo kwa miaka zaidi ya sitini. Kwa maoni yangu wamelizunguka mno. Kinachonikosesha usingizi ni kile Socrates alichokipita haraka: kwamba aliyeambiwa hajui, anajua aliyeona.

Tusikilize kwanza tunavyosema wenyewe. "Nilijua umelala, kumbe uko macho." Sentensi hiyo tunaisema kila siku, na mwanafalsafa aliyelelewa na vitabu vya Kiingereza hushtuka akiisikia, kwa sababu kwake jambo la uongo halijulikani. Sisi tunalisema bila aibu, kisha "kumbe" inakuja kufuta deni. Halafu kuna "eti". Nikikwambia "Asha kaolewa", nimebeba dhamana ya habari hiyo. Nikikwambia "eti Asha kaolewa", nimekukabidhi kama nilivyopewa, ikibainika ni uzushi usinidai. Neno moja la herufi tatu linaonyesha habari ilipotoka na ni nani atakayejibu. Ningekuwa na uwezo, ningeliingiza kwenye silabasi.

Wayoruba wa Nigeria wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 1986 Barry Hallen na J. Olubi Sodipo walitoa kitabu kilichotokana na mazungumzo marefu na waganga wa jadi, na kwa wazee hao neno mọ̀, linalotafsiriwa "kujua", hutumika kwa jambo ulilolishuhudia mwenyewe. Ulilosomea shuleni, ulilosimuliwa, la kwenye gazeti, yote huangukia gbàgbọ́, neno lenye ndani yake kupokea na kusikia. Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya kinachoitwa sayansi kichwani mwa mtu aliyesoma ni gbàgbọ́ tupu.

Nauheshimu ukali huo, lakini siukubali. Najua kwamba kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895. Sijakipima, na sina vyombo wala mapafu ya kukipimia. Ukinilazimisha niseme "naamini tu", basi niache pia kusema najua kwamba nina figo mbili. Na wanasayansi wenyewe wako katika hali hiyohiyo. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti wa CERN, maabara kubwa ya fizikia iliyoko Ulaya, yalitoa makala moja kuhusu uzito wa chembe ndogo mno iitwayo Higgs, yenye majina ya waandishi 5,154. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeikagua kazi yote kwa macho yake. Wameaminiana.

Basi neno la mtu mwingine linatosha lini? Wanafalsafa wawili wa Scotland walilumbana juu ya hilo karne ya 18. David Hume alisema tunaamini tunayoambiwa kwa kuwa uzoefu umetufundisha kwamba mara nyingi watu husema kweli. Uzoefu ukienda kinyume, imani nayo ipungue. Thomas Reid alimpinga mwaka 1764: mtoto huamini kabla ya kuwa na uzoefu wowote, na bila kuamini asingejifunza hata lugha ya kupimia huo uzoefu. Kwa Reid, kuamini ndiyo hali ya kuanzia, na shaka hufundishwa na maisha. Mimi niko na Reid kwa habari za nyumbani na sokoni. Habari zikija kwa simu, nahamia kwa Hume.

Mwezi Agosti 2014, wakati wa hofu ya Ebola, ujumbe ulisambaa Nigeria kwamba kunywa na kuoga maji ya chumvi ni kinga. Watu walikunywa, na wako waliokufa. Ukipokea ujumbe wa sauti wa aina hiyo leo kwenye kundi la familia la WhatsApp, juu yake huwa pana alama ya kwamba umesambazwa mara nyingi, nawe unaupata kwa shemeji, kwa jirani na kwa binamu aliyeko Muscat. Watatu wote wanakubaliana! Kichwani inagonga methali: lisemwalo lipo, na kama halipo, laja.

Hapo ndipo wanazuoni wa hadithi za Mtume Muhammad walipotuachia kifaa kizuri ambacho hatukitumii. Kwao habari huitwa mutawatiri pale tu inapopokewa na watu wengi katika kila tabaka la wapokezi, wengi kiasi kwamba haiwezekani wamekula njama ya uongo. Wakiwa wengi mwishoni, lakini mwanzoni ni mmoja, hesabu yake ni ya huyo mmoja. Shemeji, jirani na binamu si mashahidi watatu. Wamepeleka mbele sauti ileile, yenye kikohozi kilekile sekunde ya kumi na mbili. Ndiyo maana nikipokea ujumbe wa tiba ya ajabu siulizi wangapi wameutuma. Nauliza: wa kwanza ni nani, na alikuwa wapi? Mara nyingi jibu ni "daktari mmoja". Wa wapi? Kimya.

Mahakama nazo zina tahadhari yake. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: kama jambo lilionekana, aje aseme aliyeliona. Yapo mambo ambayo sheria yenyewe inayatolea nafasi tofauti. Sababu yake naielewa kuliko sababu ya Socrates. Aliyeona anaweza kudodoswa kizimbani, alisimama umbali gani, taa ilikuwa inawaka. Aliyesimuliwa ukimdodosa atakurudishia "ndivyo nilivyoambiwa".

Lakini upo upande mwingine wa kosa, na humu ndimo utafiti wangu wa sasa ulipo. Kuamini kupita kiasi kunatajwa sana. Kutoamini panapostahili hakutajwi. Mwanafalsafa wa Uingereza Miranda Fricker aliliandikia kitabu mwaka 2007, akaeleza dhuluma anayotendewa mtu kwa kupunguziwa uzito wa neno lake kwa sababu ya jinsi alivyo, lafudhi yake, rangi yake au jinsia yake. Nimewahi kukaa kwenye benchi la zahanati moja nikamsikia mama akisema, "Mwanangu hapumui anavyopumuaga." Akajibiwa asubiri foleni, mtoto ana mafua. Akairudia kauli yake mara tatu, kwa maneno yaleyale. Mara ya nne aliisema mzee mmoja aliyevaa koti, aliyekuwa amekaa tu jirani naye, na mtoto akaingizwa ndani. Mzee yule hakuwa na habari yoyote zaidi ya aliyoambiwa na mama palepale benchini. Yeye ndiye wa kusimuliwa, mama ndiye aliyeona. Socrates angefanyaje?

Sasa tarehe yangu. Nilipokuwa naandaa somo hili nilitafuta kalenda ya mwaka niliozaliwa. Tarehe ya kwenye cheti iliangukia Jumanne. Jumanne baba hakuwa na sababu ya kuvaa kanzu mchana, na kanzu hiyo mama anaikumbuka mpaka ilikodondokewa chai. Cheti kilijazwa miaka baadaye, nikiwa nataka kuanza shule, na karani aliyekijaza hakuwepo siku hiyo wala hakumuuliza aliyekuwepo. Nikampigia mama kumwambia ameshinda. Akafurahi, kisha akaniambia nimuulize na shangazi, naye alikuwepo.

Shangazi anasema ilikuwa Alhamisi, baada ya magharibi.