Kufuatilia saratani ya tezi dume bila kuikata

Mtu akiambiwa ana saratani ya tezi dume, kisha daktari akashauri upasuaji na mionzi visubiri, huenda akahisi ametelekezwa. Lakini njia hiyo, yaani ufuatiliaji wa karibu, ina ratiba kama tiba nyingine yoyote, na ratiba ikifuatwa nusunusu ndipo hatari inapoingia.

Anayefaa zaidi ni mwenye Gleason 6, yaani 3+3 (alama ya ukali wa seli, jumla ya namba mbili), PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) chini ya nanogramu 10 kwa mililita, na uvimbe uliobaki ndani ya tezi. Seli za aina hii ni nadra sana kusambaa. Mwenye mabadiliko ya jeni ya BRCA2, ambayo huandamana na saratani kali zaidi, nisingemharakisha kwenye njia hii.

Utafiti wa ProtecT wa Uingereza uliwagawa wanaume 1,643 kwa bahati nasibu: kufuatiliwa, kutolewa tezi, au kupewa mionzi. Baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa takriban 3 katika kila 100, na tofauti kati ya makundi ilikuwa ndogo. Hata hivyo, saratani ilisambaa kwa takriban 9 katika 100 wa waliofuatiliwa, dhidi ya 5 kwa wengine. Ufuatiliaji wao ulitegemea zaidi PSA, na PSA peke yake haitoshi.

Kwa hiyo PSA hupimwa kila miezi 6, kipimo cha kidole (daktari hupapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa) kila mwaka, na picha ya MRI huongezwa. Biopsi, yaani kuchukua vipande vya tezi kwa sindano, hurudiwa ndani ya mwaka wa kwanza, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 5. Wengi hukwepa ile ya pili kwa sababu ya maumivu, nami nawaelewa, lakini sindano hutoa vipande vyembamba tu, kwa kawaida kama 12, na eneo baya zaidi huenda likakoswa mara ya kwanza.

PSA nayo hudanganya. Maambukizi ya njia ya mkojo huipandisha. Subiri yapone kabisa, wiki kadhaa, ndipo upime. Epuka kumwaga mbegu na kuendesha baiskeli siku 2 kabla. Finasteride, dawa ya tezi dume iliyokua, huishusha karibu nusu baada ya miezi 6 hadi 12, basi majibu yazidishwe kwa 2, la sivyo mgonjwa na daktari watatulia bure.

PSA ikipanda, hatua ya kwanza ni kuirudia, kisha MRI na biopsi. Kinachobadilisha uamuzi ni Gleason kupanda, hasa 4+3 na kuendelea, au uvimbe kukua kwenye picha.