Daraja la leseni siyo cheo, na gari-nyumba siyo basi

Juzi jioni tumekaa Chako ni Chako tunasubiri kuku, likapita gari la Wajerumani, lori kubwa limegeuzwa nyumba, lina madirisha yenye mapazia, ngazi ya kukunja mlangoni, baiskeli mbili zimefungwa nyuma. Hapa Dodoma siyo maajabu, watu wanaotembea Afrika kwa gari wakitoka Iringa kupitia Mtera kwenda Kondoa na Babati wanapita hapahapa kwetu. Basi jamaa mmoja mezani akasema kwa kujiamini kabisa, dude kama hilo lazima uwe na C, maana C ndo leseni kubwa kuliko zote. Nikabisha. Tukawekeana soda, akafungua simu, akatuonyesha kwamba Ujerumani gari zito kama lile kweli linaendeshwa kwa herufi C. Soda nikalipa, ila moyoni sikukubali, na hii ni kama mara ya kumi nasikia hiyo "leseni kubwa" kwa hiyo leo naandika.

Maana yenyewe haina urefu. Daraja la leseni ni ile herufi inayosema umeruhusiwa kuendesha gari la aina gani, kwisha. Leseni moja inaweza kubeba herufi kadhaa, mtu ana A ya pikipiki, ana B, ana D, zote kwenye kadi moja, na kila moja inafungua mlango wake. Neno leseni lenyewe limetoka kwa Waingereza, nao walilichukua mbali huko kwenye Kilatini likiwa na maana ya ruhusa. Ruhusa. Siyo nyota begani.

Kinachotuponza nadhani ni neno daraja. Tumelipata kwa Waarabu na kwao ni kipandio, ile hatua moja ya ngazi, na pia kiwango au cheo. Daraja la kuvukia mto wao wanaliita jisr, hilo la kuvukia ni letu Waswahili, ndo maana Unguja kuna Darajani na hakuna mtu anayewaza vyeo akienda kununua samaki pale. (Na kwenye mzizi huohuo Waarabu wametoa darraja, baiskeli, yaani ukitaka kuchekesha unaweza kusema neno lilishapanda kwenye magurudumu zamani kabla ya trafiki.) Sasa sisi tumelibeba na maana zake zote, la mto, la ngazi, la mtihani, la kazini, af tukalibandika kwenye leseni. Na ukilitaja hapa Dodoma ndo balaa, mji umejaa watumishi, asubuhi mpaka jioni kwenye daladala unasikia "nimepanda daraja", "wenzangu wamepandishwa mie bado", mtu kaanza na ngazi ya mshahara ya TGS D anaisubiri TGS E kama mvua ya Desemba. Mtu wa namna hiyo ukimwambia leseni ina daraja D na daraja E, kichwani kwake tayari E kamzidi D mshahara. Mwanafunzi naye ukimwambia kuna daraja A anajua huyo ndo kafaulu, kumbe A ni ya pikipiki.

Na ukitaka kuhakikisha kwamba hizo herufi hazipandi kama ngazi, zifuate zenyewe uone zinavyokupoteza. A na ndugu zake A1, A2, A3 ni pikipiki, bajaji na vyombo vya jamii hiyo. B ni gari la kawaida la binafsi, siyo la biashara, siyo zito, siyo la abiria. D inachukua magari yote ukitoa pikipiki, magari mazito na magari ya abiria, kwa hiyo mwenye kirikuu chake cha kubebea nyanya anaingia humo. E inachukua yote ukitoa pikipiki na magari ya abiria, kwa hiyo lori limo. Halafu C ndo ya abiria, na imegawanyika, C3 ni abiria wanne kushuka chini, yaani teksi, C2 kuanzia wanne mpaka kumi na tano, C1 kumi na tano mpaka thelathini, na C yenyewe bila namba ni abiria thelathini na kuendelea, haya mabasi yanayotoka stendi ya Nanenane alfajiri. Sasa angalia, ili upewe C unatakiwa uwe umekaa na C1 au E miaka isiyopungua mitatu. Yaani unatoka E ndo unaenda C. Alfabeti inarudi kinyumenyume! Nani kapanda hapo, nani kashuka? Hakuna. Ni milango tu, na mlango wa abiria wameuweka ndani zaidi kwa sababu nyuma yako kuna roho za watu sitini waliolipa nauli.

Hilo neno nauli ndo naomba ulishike, maana hapo ndo watu wengi wanapotea. C haijali gari lako lina urefu gani, inajali umebeba nani na kwa nini. Gari la abiria kwa maana ya sheria ni gari la kusafirisha watu kwa malipo. Basi tupu limeegeshwa na limejaa vumbi bado ni gari la abiria kama ndivyo lilivyosajiliwa, na gari-nyumba lenye urefu uleule wa basi, lina kitanda na jiko la gesi na choo na mwenye gari na mkewe, siyo gari la abiria hata kidogo. Mke halipi nauli. Ukitaka kuona tofauti bila kufungua sheria tazama namba za gari, hapa kwetu la binafsi lina kibao cha njano, la biashara kibao cheupe, na magari mawili yanayofanana kama mapacha yanaweza kupishana barabara ya Iringa moja njano moja nyeupe na madereva wakawa na herufi tofauti na wote wawili wako sawa. Ila siku utakayoanza kuwapakia watalii kwenye hiyo nyumba yako uwatoze hela kwenda nao Kolo kuona michoro ya miambani, hapo umeshahama, usije ukasema mimi nilikwambia E inatosha.

Kwa hiyo kwa Tanzania jibu la gari-nyumba ni hivi: dogo, saizi ya Hiace, la kwako mwenyewe na familia, hilo ni gari la kawaida la binafsi. Kubwa, limejengwa juu ya lori au basi, ni gari zito lisilo la abiria, na gari zito lisilo la abiria ni E. Hapo hakuna C.

Nina jirani yangu Kisasa, mzee mstaafu, mtu wa zabibu, shamba lake liko Hombolo. Kanunua basi kuukuu lililokuwa linabeba wanafunzi, kang'oa viti vyote, kaweka kitanda na meza na sinki, lengo lake wakati wa mavuno alale shambani kwenye kitu chenye mlango wa kufunga, maana kibanda alichokuwa nacho mwaka jana mchwa walishakimaliza. Mkwewe akamwambia baba hilo ni basi, bila C trafiki hawakuachi. Mzee akaanza kuuliza bei za kozi ya udereva wa abiria, umri wake huo, arudi darasani akajifunze kuhudumia abiria asiokuwa nao! Nilipita kumsalimia, shikamoo mzee, marahaba, akanipa habari nzima, nikamwomba anionyeshe leseni. E ipo. Ipo tangu enzi hizo anavuta mahindi ya Kibaigwa kupeleka Dar na Fuso. Alikuwa anatafuta ufunguo wa nyumba ya jirani na wa kwake uko mfukoni. Alichokuwa anadaiwa kwa kweli siyo leseni, ni kadi ya gari, maana kadi ilikuwa bado inasoma basi lenye viti na viti vyenyewe vimeshakuwa vya kukalia kwa fundi baiskeli, hiyo ndo ya kwenda kurekebisha mapema.

Kuna neno lingine dogo linalochafua hesabu nalo ni tani. Sisi tukisema gari la tani tatu na nusu tunamaanisha linabeba mzigo wa tani tatu na nusu, Canter ya tatu na nusu kila mtu anaijua. Ila kwenye sheria za leseni za Ulaya, ile 3,500 wanayoitaja kila mahali siyo mzigo, ni uzito wote, gari lenyewe na mafuta na watu na sufuria na maji. Kwa hesabu yao Canter yetu hiyo imeshavuka mpaka zamani. Wala usidhani ni mambo ya kizungu tu, mizani zetu za barabarani zinahesabu hivohivo, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inataka gari lenye uzito wa jumla kuanzia kilo 3,500 lipite mizani, na ndo maana basi la abiria unaliona linakata kona kuingia kupima na hakuna hata gunia moja juu. Kwenye gari-nyumba hili ni muhimu kuliko kwenye lori kwa sababu mwenye lori anaujua mzigo wake, mwenye gari-nyumba anajiona hajabeba kitu. Tenki la maji la lita 200 likijaa ni kilo 200. Weka mitungi ya gesi, betri, tairi la akiba, nguo za mama, tayari.

Sasa turudi kwa Mjerumani wangu aliyenilipisha soda. Ulaya B yao inaishia hapo kwenye kilo 3,500. Kuanzia hapo mpaka 7,500 wanaita C1, na ikizidi 7,500 ni C. Basi la abiria kwao ni D. Umeona mchezo? C ya kwao ni uzito, C ya kwetu ni abiria. D ya kwao ni basi, D ya kwetu ni kirikuu cha nyanya. Na hata ile leseni ya kimataifa, kile kijitabu cha mkataba wa Geneva wa mwaka 1949, kinaifuata njia hiyohiyo, C magari ya mizigo yanayozidi kilo 3,500, D magari yenye viti vya abiria zaidi ya nane, na E kwao ni tela, yaani umeruhusiwa kufunga tela nyuma. Kwa hiyo dereva wa Kibaigwa anayejisifu ana E ya kuendesha lori akikutana na Mjerumani anayesema ana E, wanaweza kushikana mikono wakacheka na kila mmoja anaongelea kitu kingine kabisa.

Ajabu zaidi wazee wa Ujerumani na Uingereza wanazunguka na magari ya karibu tani saba na nusu bila kufanya mtihani wowote wa ziada, kwa sababu leseni walizopata zamani, Uingereza kabla ya Januari 1997 na Ujerumani kabla ya 1999, zilikuja na ruhusa hiyo ndani yake. Vijana wao ndo wanaotakiwa kwenda kufanya mtihani. Na Marekani huko ndo kila jimbo na lake, majimbo mengi gari-nyumba la binafsi unaendesha kwa leseni ya kawaida tu hata likiwa na ukubwa wa basi, ila Texas likizidi ratili 26,000, kama kilo 11,800 hivi, wanataka leseni ya daraja B isiyo ya kibiashara. Isiyo ya kibiashara, sikiliza hilo. Hata wao wametenganisha gari kubwa na gari la kutafutia hela, na hapo B imekuwa ya dude zito wakati kwetu B ndo ya gari la kumpelekea mtoto shule.

Kwa hiyo kaka yangu wa pale mezani, herufi ulipatia, yule bwana kwao inawezekana kabisa anatembea na C. Sababu ndo ulikosea, siyo kwamba C ni kubwa, ni kwamba kwao C ni ya gari zito, na angekuwa Mgogo wa Chamwino na gari lilelile la binafsi angetakiwa kuwa na E. Siku nyingine usiulize "una leseni kubwa?", uliza "una daraja gani, na la nchi gani?", utapata jibu linaloeleweka. Na ile soda naomba tuihesabu nusu kwa nusu, nitakuwa palepale Ijumaa.